UCHAMBUZI: Mgeni aja na kipimo chake, wajaza mitungi wajiandae

Mtalii anayekwenda kupiga mbizi Nungwi, Mafia, Watamu au Diani mara nyingi huja na miwani yake ya majini na mapezi yake. Mtungi wa hewa huuacha kwao, kwa kuwa mashirika ya ndege hayapokei mtungi uliojaa. Akifika hukodi, na hewa iliyomo huwa bidhaa anayoinunua bila kuiona.

Baadhi ya wageni hao sasa wana kitu kingine begini, nacho ni kipimo cha mkononi cha gesi ya kaboni monoksidi. Kabla ya kupanda boti hufungua valvu kidogo, husubiri namba, ndipo huamua. Namba ikiwa mbaya mtungi hurudishwa, na huenda safari nzima ikavunjika. Kwa wenye vituo, wauza vipuri na wasafirishaji wa mitungi, huyu ni mkaguzi mpya asiye na ofisi wala mhuri.

Gesi ya jiko la mkaa

Kaboni monoksidi ndiyo gesi inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200.

Chini ya maji hatari huongezeka. Kwenye kina cha mita 30 msukumo ni mara nne ya ule wa juu, hivyo hewa yenye sehemu 10 za gesi hiyo katika milioni humwathiri mpiga mbizi kama sehemu 40 zingemwathiri nchi kavu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa ni mawimbi au uchovu. Wengine huzidiwa wakati wa kupanda juu, pale msukumo wa oksijeni unapopungua.

Inaingiaje mtungini?

Njia ya kwanza ni moshi wa injini. Kompresa ya petroli ambayo bomba lake la kuvutia hewa liko karibu na ekzosi hujaza moshi mtungini, na upepo ukigeuka mtungi mmoja unaweza kuwa safi na unaofuata mchafu. Msafirishaji naye anahusika, kwani pikapu inayosubiri kupakia huku injini ikinguruma kando ya bomba hilo inaweza kuharibu mzigo ambao dereva mwenyewe atalipwa kuupeleka.

Jenereta nazo ni vivyo hivyo. Zanzibar ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na kwa miezi kadhaa tena kuanzia Desemba 2009, baada ya njia ya umeme kutoka bara kuharibika. Vipindi kama hivyo huleta jenereta karibu na kila mashine.

Njia ya pili haihitaji moshi. Kompresa yenyewe, hata ya umeme, ikipata joto kupita kiasi huunguza mafuta yake na kutengeneza gesi hiyo ndani kwa ndani. Kinga yake ni chujio lenye hopkaliti, kemikali inayoigeuza kaboni monoksidi kuwa hewa ukaa. Lakini hopkaliti ikipata unyevu hufa, na katika joto la pwani chujio huchoka mapema kuliko katika nchi za baridi. Anayehesabu saa za chujio kwa jedwali la nchi ya baridi anajidanganya.

Viwango viwili, mtungi mmoja

Kiwango cha Ulaya cha EN 12021 kilishushwa mwaka 2014 hadi sehemu 5 katika milioni. Daraja E la Marekani huruhusu 10. Mtungi wenye sehemu 8 utakubaliwa na mgeni mmoja na kukataliwa na mwenzake waliyekaa naye benchi moja. Kwa mfanyabiashara anayehudumia wote, kiwango cha kufuata ni kile kikali.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango ya mwaka 2006, ambayo chini yake nchi wanachama hutambuliana alama za ubora. Hiyo inasaidia kwa mtungi, valvu na chujio vinavyovuka Horohoro na Lunga Lunga. Hewa, hata hivyo, hutengenezwa ufukweni kila asubuhi, na cheti cha maabara huzungumzia hewa ya siku ile iliyopimwa tu.

Nani apime?

Kipimo cha mkononi huuzwa kwa mamia ya dola. Kihisio chake huzeeka hata kisipotumika, na lazima kirekebishwe kwa gesi yenye kiasi kinachojulikana. Hata hivyo gharama hiyo ni ndogo kuliko boti moja ya wageni waliogoma kuzama. Kituo kinachopima kila mtungi baada ya kujaza na kuandika namba kwenye daftari kina jibu la kumpa mgeni. Kinachongoja mgeni apime kimemwachia yeye sifa ya biashara yake.

Upande wa wenyeji ndio mzito zaidi. Mgeni huzama siku chache na kuondoka, ilhali kiongozi wake huvuta hewa ya kompresa ileile karibu kila siku. Wapo pia wavuvi wa majongoo bahari wanaotumia mitungi bila kipimo chochote, na bidhaa yao huuzwa hadi Asia ya mbali. Hao hawawezi kuurudisha mtungi kwa kusoma namba. Usalama wao unategemea anayejaza, anayeuza machujio na dereva anayekumbuka kuzima injini.