Tasnifu Haizunguki Mabweni

Katika ibada ya shukrani iliyofanywa Jumapili iliyopita kanisani, si mbali na Karatina, ambayo niliihudhuria kwa heshima ya ujirani na, nisifiche, kwa ajili ya pilau iliyotangazwa, mhubiri alimsimamisha mbele ya madhabahu mwalimu mmoja aliyehitimu shahada ya uzamili katika uongozi wa elimu, akamshika bega, akawatazama waumini, akanena kwa sauti ya mtu aliyeteremshiwa habari kutoka juu kwamba sasa, kwa rehema za Mungu, tarafa yetu imepata mkuu wa shule, kwa kuwa hawezi kuongoza yeye asiyesomea kuongoza. Wanaume wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikabaki na ghadhabu ambayo hata pilau, ijapokuwa ilikuwa njema, haikuweza kuipoza.

Itikadi hii haikuzaliwa kinywani mwa mhubiri yule. Imeenea kutoka Othaya hata Nanyuki, kutoka Kerugoya hata Chuka na Meru, katika vyumba vya walimu, katika mikutano ya wazazi na katika mabango ya vyuo yaliyotundikwa kando ya barabara: kwamba ukuu wa shule ni ilimu inayopatikana kwa kukaa darasani miaka miwili, na kwamba mwenye hati hiyo ni kiongozi na asiyekuwa nayo ni mbahatishaji. Tume ya Huduma za Walimu nayo, badala ya kuizima ghururi hii, imeipalilia kwa kuutia uzamili katika masharti ya vyeo vya juu vya ukuu wa shule. Nasema itikadi hii ni batili. Mkuu wa shule hufanywa na mambo mawili tu: kuwapo kwake shuleni, na miaka aliyoishi chini ya mkuu mwema akimtazama. Yaliyobaki ni joho na picha ya ukutani.

Natutazame, kwa insafu, jinsi shahada hii inavyochumwa. Mwalimu, aghalabu naibu wa mkuu, huchukua mkopo wa sacco, akaongeza bonasi ya chai ya mkewe na bei ya mtamba mmoja, akajiandikisha katika chuo kikuu kimojawapo ambako masomo hufanywa Jumamosi na katika likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Tangu siku hiyo ratiba yake ni ratiba ya mtu asiyekuwapo: Ijumaa adhuhuri huaga, Jumatatu hurudi na usingizi, na katikati ya wiki huufunga mlango wa ofisi akiiandika upya sura ya pili kama alivyoagizwa na msimamizi wake, huku wanafunzi wa bweni, ambao Jumamosi hawana likizo wala chuo, wakiachiwa mlinzi na Mungu. Huyu ndiye anayejifunza kuongoza shule, na somo lake la kwanza ni kuitoroka.

Kisha huja tasnifu. Mada yake haina siri: athari ya mtindo wa uongozi wa wakuu wa shule katika matokeo ya mtihani wa KCSE, katika shule za umma za kaunti ndogo fulani, ibadili Mathira iwe Tetu, na Tetu iwe Kieni, nawe umekwisha kupata tasnifu nyingine. Katika sura ya pili hutajwa James MacGregor Burns, Mmarekani aliyeandika juu ya uongozi mwaka 1978 akiwawazia marais na wanamapinduzi, wala si msimamizi wa sufuria ya githeri. Katika sura ya tatu hutajwa Krejcie na Morgan na jedwali lao la 1970 la kukadiria idadi ya watu wa kuhojiwa. Leseni ya utafiti huombwa NACOSTI. Hojaji huchapwa na kusambazwa. Na hupelekewa nani? Hupelekewa wakuu wa shule wenyewe, waulizwe kama wao ni viongozi wenye kushirikisha, wenye kusikiliza na wenye maono. Nao, kwa unyofu wa kustaajabisha, hutia alama penye "nakubali kabisa". Mwalimu aliye chini yao naye huulizwa, kwa karatasi itakayokusanywa na karani wa mkuu. Kompyuta huzijumlisha sifa ambazo watu wamejisifu, ikatoa asilimia zenye nukta, na asilimia hizo ndizo ziitwazo maarifa. Sijapata kuona hojaji iliyopelekewa mpishi, wala mlinzi wa usiku, wala msichana wa kidato cha kwanza aliyelala na njaa, ilhali hao ndio wajuao kwa yakini kama shule ina mkuu au ina ofisi ya mkuu.

Wala sitaki kusema, kwa staha, habari za wanaoziandika tasnifu hizo. Maana kila mtu ajua kuwa nchi hii imejaa vijana werevu waliomaliza chuo wakakosa kazi, wanaokesha katika vyumba vya kupanga vya Ruring'u na King'ong'o wakiwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha kwa ujira, na kalamu iliyozoea kumwandikia mtoto wa Texas haiwezi kushindwa na kazi ya naibu wa mkuu kutoka Tetu. Kwa hesabu ya mhubiri wetu, vijana hao ndio waliosomea kuongoza. Basi na wapewe shule, wapate angalau mshahara, kwa kuwa serikali iliyowahimiza kusoma imewasahau tangu siku waliyovua majoho.

Lakini hoja yangu ni moja, nami nitaipiga mpaka isikike: shule huongozwa na mtu aliyeko. Wizara ya Elimu ilitoa mwaka 2008 kitabu cha viwango vya usalama wa shule, na humo imeandikwa kwa lugha nyepesi kwamba milango ya bweni ifunguke kwa nje, kwamba madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia, kwamba baina ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2, na ujia wa kupitia usipungue mita 2. Kujua kama haya yametimizwa kwahitaji vitu viwili, tochi, na miguu iliyo radhi kuamka saa saba za usiku katika baridi ya Julai inayoteremka kutoka mlimani. Hakuna sura ya tasnifu yenye miguu.

Na sisi wakazi wa miji ya Mlima Kenya tunayo haki, pengine kuliko wenzetu wote, ya kuuliza ni nani azungukaye mabweni usiku. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, huko St. Kizito, Tigania, wasichana 19 walikufa baada ya wavulana wa shule yao kulivamia bweni lao. Mwaka 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto ndani ya chumba chao. Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha Academy huko Kieni, moto wa bweni uliwaua wavulana 21. Simhukumu mtu, kuhukumu ni kazi ya wengine. Nasema tu kwamba baada ya kila msiba huundwa kamati, kama ile iliyoongozwa na Naomi Wangai mwaka 2001, ripoti hutolewa, ripoti hutiwa kabatini, na miaka ikipita hunukuliwa katika sura ya pili ya tasnifu ya mtu ambaye, usiku anapoinukuu, hayumo shuleni mwake.

Wanaobisha na wanitajie shahada ya uongozi wa elimu aliyokuwa nayo Edward Carey Francis. Alikuwa mwanahisabati wa Cambridge. Akaja Maseno mwaka 1928, akahamia Alliance, Kikuyu, mwaka 1940, akaiongoza hata 1962, na alipoustaafu ukuu hakwenda kutoa mihadhara juu ya uongozi, bali alikwenda Pumwani kufundisha kama mwalimu wa kawaida mpaka alipofariki mwaka 1966. Na Geoffrey Griffin je? Huyo hakupata kusoma chuo kikuu chochote. Ualimu wake wa watoto aliuanza katika kambi ya vijana ya Wamumu, huko Mwea, katika siku za Hali ya Hatari, miongoni mwa wavulana waliotolewa kizuizini. Na mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, akaanzisha Starehe katika mabanda mawili ya bati, akaishi papo hapo, akawa anawakusanya wanafunzi katika baraza waseme malalamiko yao pasi na hofu, mpaka alipofariki mwaka 2005. Leo wapo watafiti wanaoisoma Starehe ili wapate shahada za uongozi. Na Griffin, lau angefufuka akaomba kazi ya ukuu, angeulizwa na karani wa mapokezi cheti chake kiko wapi.

Nilipoyasema haya baada ya ibada, bwana mmoja mwenye tai nyekundu alinijibu kwamba shahada humpa mkuu heshima mbele ya wazazi. Subhana! Nimewaona wazazi wa Mukurwe-ini wakija mkutanoni na matope ya shamba la kahawa katika viatu, na sijamsikia hata mmoja akiuliza juu ya Burns. Wauliza kwa nini binti karudishwa nyumbani kwa ajili ya karo katikati ya muhula, kwa nini maharagwe yana wadudu, na kwa nini mkuu hapatikani kila wanapokuja. Bwana yule akaongeza kwamba zama zimebadilika na mtaala ni mpya. Kweli ni mpya, na umeletwa na watu wenye shahada nyingi kuliko nywele zao, nao mwaka 2023 waliileta gredi ya saba katika shule za msingi ambazo nyingi hazikuwa na maabara, wakatuachia sisi wazazi kukimbia huku na huku kutafuta maboksi na gundi usiku wa manane. Ikiwa hayo ndiyo matunda ya shahada, basi mti huu tumekwisha kuujua.

Tazama pia kazi yenyewe ya mkuu. Serikali iliahidi kumlipia kila mwanafunzi wa kutwa wa sekondari shilingi 22,244 kwa mwaka. Fedha hizo huja zimechelewa, na aghalabu huja zimepungua, na wakati huo muuza mahindi amesimama langoni akidai, muuza kuni amekata kauli, na umeme umekatwa. Ni nadharia gani ya uongozi wa mageuzi imtulizayo muuza mahindi? Humtuliza mkuu anayemjua kwa jina, aliyemlipa mwaka jana kama alivyoahidi, ambaye akipigiwa simu huipokea. Uaminifu wa namna hiyo haupimwi kwa hojaji, wala hausafiri kwenda Mombasa, ambako wakuu wetu huteremka kila mwaka kwa mkutano wao mkuu, na ambako, nakiri kwa wivu, upepo wa bahari ni mwanana kuliko upepo wa Kieni.

Wala asiniambie mtu kwamba pasipo uzamili mkuu hatajua kuandika daftari la hesabu. Serikali yetu iliiunda taasisi ya KESI mwaka 1981, ile iitwayo leo KEMI, kwa ajili ya jambo hilo hilo la kuwafunza wasimamizi wa elimu taratibu za kazi yao, fedha, ununuzi na sheria. Mafunzo ya namna hiyo ni mafupi, ni ya lazima, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na fikira kwamba baada ya kujua daftari la hesabu mtu anahitaji kurasa mia moja na ishirini juu ya mitindo ya uongozi ndipo astahili kukabidhiwa watoto wa watu.

Taratibu iliyo ya haki ni nyepesi. Atakaye ukuu na awekwe naibu chini ya mkuu aliyejaribiwa, akae naye miaka mitatu au minne pasipo kuhamishwahamishwa, maana uhamisho ule wa 2018 uliowatupa wakuu mbali na kaunti zao ulivunja ndoa na afya za watu, wala sijaonyeshwa ni bweni gani lililosalimika kwa ajili yake. Amtazame mkuu wake akimsuluhisha mzazi mwenye hasira, akimwonya mwalimu mlevi bila kumfedhehesha, akizima mgomo kabla haujawaka. Kisha waulizwe mpishi, mlinzi na viranja. Anayetaka uzamili kwa mapenzi ya ilimu na ausome, awe mwanachuoni, afundishe, atunge vitabu, nasi tutamsikiliza kwa taadhima. Ila hati hiyo isimwongezee hata alama moja katika mahojiano ya ukuu wa shule.

Na jopo litakapokaa kumhoji, liache kumwuliza juu ya maono na dira, maswali ambayo majibu yake huuzwa yakiwa yamechapwa tayari. Limwulize mara ya mwisho aliingia bweni usiku saa ngapi, alikuta taa ipi imeungua, na ni mtoto gani hakuwa kitandani mwake. Akijibu, apewe shule asubuhi hiyo hiyo, awe na shahada au asiwe nayo. Akianza kuieleza sura ya pili ya tasnifu yake, ashukuriwe kwa kuja, apewe nauli ya kurudi kwao, na aitwe anayefuata.