Santuri ya Bobby si ya kuuzwa kwa kilo

Santuri za nyimbo za Bobby, filamu ya Kihindi ya mwaka 1973, bado zina wateja. Filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na taarabu ikaazima hadi tuni zake. Lakini anayepanga bei kwa uzuri wa ganda, hata Dimple Kapadia na Rishi Kapoor wang'ae vipi, anajidanganya. Santuri huinuliwa kwenye mwanga. Mikwaruzo ikionekana, bei ishuke. Na anayeivusha Busia asitegemee cheti rahisi cha uasili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000. Hicho ni cha bidhaa za Jumuiya. Nakala iliyotengenezwa India haimo. Ushuru uhesabiwe kabla ya kupatana na mteja, si mbele ya ofisa wa forodha.