Kimbunga Hakisubiri Kiwanda

Agosti 24, 1992 kimbunga Andrew kilitua kusini mwa jimbo la Florida, nchini Marekani, na kuziacha nyumba zaidi ya 25,000 zikiwa magofu. Wataalamu walipoyachunguza maangamizi hayo walikuta kwamba katika nyumba nyingi adui aliingia kwa mlango au dirisha. Kioo kilivunjwa na ubao au kigae kilichorushwa na upepo. Upepo ukajaa ndani, ukasukuma paa kutoka chini, na paa likang’oka.

Funzo hilo halikupotea bure. Kaunti ya Dade, ambayo leo huitwa Miami-Dade, ilikaza kanuni zake za ujenzi mwaka 1994, na mwaka 2002 jimbo zima likawa na kanuni moja. Dirisha la kuhimili kishindo huwa na vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando mgumu wa plastiki. Katika majaribio hupigwa kwa ubao wa kilo 4 hivi, uendao mita 15 kwa sekunde, kisha husukumwa na kuvutwa kwa nguvu za hewa mara 9,000. Kioo chaweza kupasuka, lakini hakina ruhusa ya kuupisha upepo.

Hata hivyo, kanuni njema haizalishi kioo. Mwaka 2021, wakati viwanda vilikuwa bado vinayumba kwa sababu ya UVIKO-19, baridi kali ya Februari ilisimamisha viwanda vya malighafi za plastiki huko Texas. Alumini ilipanda bei, mafundi wakaadimika, na mwenye nyumba aliyezoea kungoja majuma machache akalazimika kungoja miezi mingi. Julai 2022 serikali ya jimbo iliondoa kodi ya mauzo kwa madirisha hayo kwa miaka miwili, na mwaka huo huo ikafufua mpango wa ruzuku wa hadi dola 10,000 kwa nyumba. Nia ilikuwa njema, lakini wanunuzi waliongezeka wakati bidhaa ni haba. Septemba 2022 kimbunga Ian kilipopiga, walikuwapo waliokwisha kulipa ambao bado walikuwa na vioo vya zamani ukutani.

Hapa ndipo unapoonekana umuhimu wa kupanga mapema. Msimu wa vimbunga huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30. Anayeagiza madirisha mwezi Mei hajapanga, amebahatisha. Mwenye busara hupima na kuhesabu nafasi zote za nyumba yake mara msimu unapokwisha, huomba kibali, huhakikisha bidhaa imeidhinishwa, na hutaka tarehe ya kufikishiwa mzigo iandikwe katika mkataba. Halipi fedha zote kabla ya kazi, wala hakubali dirisha la zamani ling’olewe kabla jipya halijafika. Kama uwezo wake unatosha nusu ya madirisha tu, nusu nyingine huiwekea mabamba ya chuma au mbao nene zilizokatwa kwa kipimo, kwa maana tundu moja latosha kuliangamiza paa zima.

Lakini haitoshi kumhimiza mtu mmoja mmoja. Uhaba humwumiza kwanza mnyonge. Mwenye fedha huagiza mwaka mmoja kabla. Mstaafu na mpangaji hubaki wakipigilia mbao usiku wa tahadhari. Serikali inayotoa ruzuku bila kutazama uwezo wa viwanda hurefusha foleni tu. Ni wajibu wake kuzigawa fedha kwa awamu, na kutanguliza shule zinazotumika kama makimbilio pamoja na nyumba za wazee.

Jambo hili haliwahusu watu wa Florida peke yao. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika pwani ya Tanzania, kisiwani Mafia. Mkuu wa shule anayeandika barua ya kuomba mabati baada ya paa kuezuliwa, na ofisa anayeiweka barua hiyo chini ya nyingine, wote wamechelewa. Vifaa huagizwa wakati wa ukavu, ghala likiwa na akiba na fundi akiwa na nafasi. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Naye asiyeagiza kioo mapema hujenga nyumba nzima.