SEHEMU YA 6: JAKETI KWANZA, PICHA BAADAYE

Wamama wenzangu, nesi wenu wa Makanya nimerudi kutoka likizo, na leo nina la kukiri.

Tulienda Zanzibar. Pale Forodhani tukapanda boti ya mbao kwenda Changuu, kile kisiwa kilichojengwa jela miaka ya 1890 kikaishia kuwa karantini ya homa ya manjano. Wengi wanafuata kobe wakubwa. Mimi nakwambia utamu uko majini: boti ikisogea, Mji Mkongwe wote unakaa mbele ya macho yako. Ngome Kongwe ile. Beit el-Ajaib ile, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Halafu lile jengo la roshani za mbao zenye nakshi, zahanati ya zamani iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan. Mtu wa zahanati mimi, hapo macho yaliganda!

Haya, kosa langu. Majaketi okozi yalikuwepo, ila yote ya watu wazima. Nikauliza la mtoto, nahodha akajibu, "Dada, mshikilie tu, si mbali." Nyuma yangu watu wanataka boti iondoke. Nikaona haya, nikanyamaza. Nikampakata mwanangu wa miaka mitatu mkono mmoja, mkono mwingine simu, napiga picha.

Tulifika salama. Lakini ile ilikuwa bahati, haikuwa akili. Na mimi ndiye ninayewafundisha wengine kliniki!

Watoto wetu huku wamezoea mashamba ya mkonge na vumbi la jasi. Kuogelea wangejifunzia wapi? Na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Pumzi hana, sauti ataitoa wapi? Anakwenda kimya, dakika chache tu. Mikono ya mama nayo si jaketi: mkianguka wote majini, mikono hiyo utaihitaji mwenyewe. Na jaketi la mtu mzima linapanda juu mpaka masikioni, mtoto anachomoka kwa chini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: boti haina jaketi la saizi ya mtoto, mtoto hapandi. Uliza KABLA ya kulipa, ukiwa bado nchi kavu. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha shika mabegani uvute juu. Likipita kidevu ni kubwa, omba lingine. Avae mpaka mnashuka, sio mpaka picha ya kwanza.

Najua kuna atakayesema, "Nesi unatutisha, sisi safari yenyewe tunaipata mara moja kwa miaka." Jamani, nendeni! Mtoto wa Makanya naye ana haki ya kuiona historia ya nchi yake akiwa baharini. Ila tumeshalia kwa MV Bukoba 1996, tukalia kwa MV Spice Islander 2011. Tusisubiri kulia tena ndiyo tujifunze kuuliza.

Watu wakiguna nyuma yako, waache wagune. Aibu ya dakika mbili haiui.

Baba watoto naye msomee. Sehemu ya 7 tutaongelea watoto wanaotapika safarini.