Januari ya Bariadi isianze kwa fimbo



Nataka kuzungumza na walimu, kamati za shule na wazazi wenzangu wa Bariadi kuhusu juma la kwanza la masomo.

Ninaishi na mjukuu wangu wa kiume, yuko darasa la tatu. Likizo ya Desemba kaimalizia machungani. Alitoka na ng'ombe asubuhi, michembe mfukoni, akarudi jua likizama. Siku ambazo hakuchunga tulikuwa naye kwenye palizi ya pamba. Silalamikii kazi, ndivyo tulivyokua huku Usukumani. Lakini mtoto aliyeshinda na mifugo mwezi mzima bila kugusa daftari anahitaji siku mbili tatu za kupokelewa.

Siku ya kufungua shule nilimwogesha nikamvalisha. Shati jeupe la mwaka jana lilimbana kwapani, na kaptula nilikuwa nimeitia kiraka kwa uzi mweusi maana wa bluu sikuwa nao. Saa nne akawa amerudi. Alisimama nyuma ya banda la kuku, hataki kuingia ndani. Nilipomshika mkono nikakuta kiganja kimevimba. Alichelewa, kwa kuwa mvua ilinyesha usiku kucha, korongo likajaa na tope la mbuga likamnasa miguu. Tena hakuwa na fagio la usafi wa shule. Wachelewaji walichapwa kwa mstari, halafu wasio na sare kamili wakaambiwa warudi na wazazi. Kesho yake alfajiri akasema tumbo linamuuma. Keshokutwa yake vilevile. Nimelea watoto sita, tumbo la woga nalijua.

Shule siitaji, kwa sababu majirani wenye watoto kwenye shule nyingine wananisimulia hayo hayo.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 hazikuruhusu jambo hili. Zinasema viboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, na vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi. Kukosa fagio ni kosa kubwa la nidhamu? Na kuhusu sare, kila Januari tunawasikia viongozi redioni wakikataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa ajili hiyo. Huku chini anarudishwa.

Watu wa mjini huenda wasielewe kwa nini Januari inatuumiza hivi. Mkoa wetu wa Simiyu unaishi kwa pamba. Pamba tunaiuza katikati ya mwaka, na ikifika Januari fedha ile imekwisha, chakula ghalani kinaelekea ukingoni, mavuno mapya bado yako shambani. Elimu bila malipo ilianza 2016, tunashukuru kwa dhati, lakini sare, madaftari na mahindi ya uji vinatutazama sisi. Kwa hiyo mtoto anafika shuleni na njaa, na sare ya kubana, na hapo hapo anadaiwa.

Nakumbuka Juni 29, 2020, shule zilipofunguliwa baada ya ile miezi ya korona. Ndoo za kunawia zilipangwa mlangoni na watoto wakaoneshwa namna ya kunawa. Basi na Januari hii tungeweza kujipanga namna hiyo. Mwalimu wa zamu awapokee getini na kuwauliza walishindaje likizo, nani kafiwa, nani kaugua, nani kahamishiwa kwa bibi. Fimbo zikae ofisini juma zima. Najua walimu wetu wana madarasa yaliyofurika na wengine wanatembea mbali kama watoto wenyewe, siwadharau hata kidogo. Kumuuliza mtoto habari zake kunachukua muda ule ule wa kumpanga kwenye mstari wa viboko.

Na sisi wazazi tusikae pembeni. UWAWA, yaani ushirikiano wa wazazi na walimu, ipo, inatukutanisha nao. Mahindi ya uji wa Januari tuyachange Julai na Agosti, wakati pamba imeuzwa na debe la mahindi halijapanda bei, yahifadhiwe shuleni kwa hesabu ya wazi. Uji uwepo siku ya kwanza, usisubiri michango ya Machi.

Mjukuu wangu alirudi darasani Jumatatu iliyofuata. Nilimsindikiza mwenyewe hadi mlangoni, fagio nimelibeba mimi. Mpaka leo, jioni akimaliza kufunga ndama, huniuliza kama kesho mwalimu wa zamu ni yule yule.

Bibi wa mwanafunzi,
Bariadi, Simiyu