Uzito Uliorudi

Sisi tunaopanda baiskeli Bwejuu hadi Paje tulidhani miguu ingetosha. Tulipungua, kisha uzito ukarudi. Kosa lilikuwa kikombeni: vikombe 4 vya chai kwa siku, vijiko 3 kila kimoja, ni vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni bora tusizidi gramu 25 hivi. Tukaacha sukari, tukatia iliki, tangawizi na mdalasini. Kazi ngumu ilikuwa kukataa sukari ya mwenyeji bila kumvunja moyo. Tulisema ukweli, akatuelewa. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kwanza. Mwili ni amana ya Mungu, tuutunze.