Sauti zimenyamaza, lakini meza ya sokoni ina mtu mwingine

Muuza mitumba anayevuka Namanga kila wiki akianza kuugua skizofrenia, mali kauli humtoka kabla hajafika hospitali. Mwenye duka la jumla aliyesikia kwamba mteja wake "amechanganyikiwa" hampi tena mzigo kwa ahadi ya kulipa Ijumaa. Kikoba nacho kinasitisha mkopo. Siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani, sauti alizokuwa akizisikia zimetulia, lakini meza yake sokoni ina mtu mwingine na simu ya wakala wake wa forodha haipokewi.

Hesabu ya kibiashara ya ugonjwa huu haizungumzwi sana Afrika Mashariki, ingawa wenye nao si wachache. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kuwa watu milioni 24 duniani walikuwa wakiishi na skizofrenia, sawa na mtu mzima mmoja kati ya kila 222. Kwa soko lenye watu wazima 2,000, makadirio hayo yangetoa watu tisa, ingawa baadhi yao pengine wameshaondoka sokoni. Ugonjwa huanza zaidi mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, umri ambao vijana wengi wa mpakani ndio kwanza wanapata mtaji wao wa kwanza.

Dawa zinasaidia, na anayeziacha ghafla yuko katika hatari kubwa ya kuugua upya. Haloperidoli, klopromazini na nyingine za kundi hilo hupunguza sauti na ile shaka kwamba majirani wanapanga njama. Kuna upande wa ugonjwa ambao dawa hizi haziugusi sana: kukosa ari, kujitenga, kusahau, kushindwa kupanga mambo kwa mfuatano. Kwa mfanyabiashara wa mpakani huo ndio upande unaoumiza, kwa sababu kazi yake ni kukumbuka nani anadaiwa nini, kubadili shilingi za Kenya na za Tanzania kichwani, kuamka alfajiri kuwahi lori, na kusimama dirishani na fomu ya forodha bila kukata tamaa. Ndugu wanamwona amekaa tu, wanamwita mvivu. Wanakosea, na kosa hilo huigharimu familia nzima.

Hapo ndipo utengamao unapohitajika, na hapo ndipo kanda hii ilipo dhaifu. Hospitali kubwa za magonjwa ya akili ni za zamani na ziko ndani ya nchi: Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910, Mirembe ya Dodoma 1927, Butabika ya Kampala 1955. Tanzania baada ya uhuru ilithubutu kuanzisha vijiji vya utengamao, kikiwemo cha Hombolo karibu na Dodoma, ambako wagonjwa walilima wakijiandaa kurudi kwao. Wazo lilikuwa zuri kwa nchi ya wakulima. Kijana wa Busia anayeishi kwa kununua na kuuza, hata hivyo, hafundishwi kurudi kwenye biashara kwa kushika jembe.

Ushahidi ulio karibu zaidi unatoka Ethiopia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia watu 166 wenye skizofrenia katika maeneo ya vijijini kusini mwa Addis Ababa. Wote walipata matibabu ya kituo cha afya. Nusu hivi waliongezewa mtu wa kuwatembelea nyumbani kwa mwaka mzima, mwanajamii wa kawaida aliyepewa mafunzo, asiye muuguzi. Alikaa na familia, alizungumza na viongozi wa eneo, alimsaidia mgonjwa kurudi kwenye kazi na shughuli za watu hatua kwa hatua. Baada ya miezi 12, waliotembelewa walikuwa wakimudu maisha yao vizuri zaidi kuliko waliobaki na kliniki peke yake. Uganda nako, Butabika imewahi kuwatumia watu waliopitia ugonjwa wa akili wenyewe kuwasindikiza wenzao wanaporudi nyumbani. Mtu wa aina hiyo anajua kinachomsubiri mgonjwa mtaani kuliko daktari yeyote.

Mpaka unaongeza ugumu wake. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na mchuuzi mwenye bidhaa za jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 ana utaratibu rahisi wa cheti cha uasili. Cheti cha kliniki hakina utaratibu huo. Bima ya nchi moja kwa kawaida haifanyi kazi katika hospitali ya nchi ya pili, na dawa ileile huuzwa kwa majina tofauti ya kampuni, kiasi kwamba mgonjwa mwenye boksi tupu anaweza kuambiwa haipo wakati iko rafuni. Kadi iliyoandikwa jina halisi la dawa na kipimo chake humwondolea msafiri sehemu ya tatizo hilo. Wapo pia wanaotumia sindano ya flufenazini, inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Inawafaa wanaosahau vidonge, ila anayekwama na mzigo Juba kwa mwezi mzima atapitwa na tarehe yake.

Sheria zimesogea. Uganda ilipitisha sheria mpya ya afya ya akili mwaka 2018, Kenya ikarekebisha yake mwaka 2022, na zote mbili zinasukuma huduma zishuke kwenye vituo vya ngazi ya chini. Lakini hakuna sheria ya afya inayosema meza ya sokoni ibaki wazi kwa muda gani mwenyewe akiwa amelazwa, nani alipe ushuru wake, au mkopo wake wa kikoba usimamishwe bila riba kwa wiki ngapi. Hayo huamuliwa na kamati ya soko na katiba ya kikundi, watu wale wale ambao mwanachama akivunjika mguu humchangia bila kuuliza.